MLANGO ULIOFUNGWA, NA YULE ANAYELETA CHAKULA



Katika ukurasa huu tunataka kuwaza pamoja juu ya swali moja. Ugonjwa wa kuambukiza unapoingia kati ya watu, je, ni haki kuwafungia wengine mlango ili wengine wapone? Na kama ni haki, yule anayefunga ana deni gani kwa wale aliowafungia?

Watu wengi hujibu upesi. Wengine husema: Funga, usihurumie. Wengine husema: Kumfungia ndugu mlango ni kukosa upendo. Sisi tunaona ya kuwa majibu haya yote mawili hayatoshi, kwa sababu yanamsahau mtu wa tatu. Huyo ni yule anayebeba chakula na kukifikisha mlangoni. Ili tumwone vizuri, tutazame kwanza merikebu moja ambayo habari zake zilijulikana duniani kote.

1. MAMBO YALIYOTOKEA

Tarehe 20 mwezi wa kwanza mwaka 2020, merikebu iitwayo Diamond Princess iliondoka katika bandari ya Yokohama, nchi ya Japani. Haikuwa merikebu ya mizigo, bali ya matembezi. Watu hulipa franga nyingi ili wakae ndani yake, wale, wastarehe, na kuona miji ya pwani. Wasafiri wengi walikuwa wazee waliokwisha kumaliza miaka yao ya kazi.

Msafiri mmoja wa miaka 80 alishuka Hong Kong tarehe 25. Tarehe 1 mwezi wa pili majibu ya waganga yakatoka: alikuwa na virusi vya Korona. Wakati huo merikebu ilikuwa imekwisha kupita Vietnam na Taiwan na kufika Okinawa. Iliporudi Yokohama jioni ya tarehe 3, serikali ya Japani ilikataza mtu yeyote asishuke. Waganga wakapanda, wakaanza kupima wenye homa na kikohozi, na wale waliokaa karibu na yule mzee. Tarehe 4 watu waliendelea kula pamoja na kuchangamka kama kawaida. Tarehe 5 majibu ya watu 31 wa kwanza yakajulikana: 10 kati yao walikuwa na ugonjwa. Ndipo wasafiri wote wakaamriwa kuingia vyumbani mwao na kukaa humo siku 14.

Ndani ya merikebu mlikuwa watu 3,711, yaani wasafiri 2,666 na wafanyakazi 1,045. Mwishowe watu 712 walikutwa na virusi: wasafiri 567 na wafanyakazi 145. Waliokufa hawakupungua 13. Katika siku zile hapakuwa na mahali pengine nje ya China palipokuwa na wagonjwa wengi kama pale.

Jambo jingine likaonekana. Kufika tarehe 20 mwezi wa pili, watu 634 walikuwa wamekutwa na virusi, na 328 kati yao hawakuwa na homa wala kikohozi wala dalili nyingine siku walipopimwa. Ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo ulimwengu ulijifunza ya kuwa mtu anaweza kuonekana mzima, akacheka na kula vizuri, kumbe amebeba ugonjwa wa kumwua jirani yake. Tulikumbuke neno hili, kwa maana ndilo linalofanya swali letu kuwa gumu. Kama ugonjwa ungeandikwa juu ya paji la uso, tungewatenga wenye alama tu na kuwaacha wengine.

2. JE, KUMTENGA MTU NI DHAMBI?

Kutenga si jambo la jana. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik katika nchi ya Croatia, uliamuru ya kuwa watu wanaotoka mahali penye tauni wangoje siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye Venezia ikafanya siku hizo kuwa 40, na kutoka kwa neno la Kiitaliano la hesabu hiyo ya arobaini tulipata jina la karantini. Na sisi tunaosoma Biblia tunajua tangu zamani ya kuwa katika kitabu cha Walawi, mlango wa 13, mtu mwenye alama ya kutiliwa shaka mwilini alifungiwa siku saba. Lakini tuangalie vizuri: siku ya saba kuhani mwenyewe alirudi kumtazama. Mkono uliofunga ndio uliokuwa na kazi ya kurudi.

Wanaosema kwamba kufunga ni ukosefu wa upendo, tunawaonyesha merikebu nyingine. Tarehe 19 mwezi wa tatu mwaka ule ule wa 2020, Ruby Princess ilifika Sydney, nchi ya Australia. Wasafiri zaidi ya 2,600 waliachwa washuke na kwenda zao kabla ya majibu ya wale waliopimwa kujulikana. Walipanda magari na ndege, wakafika nyumbani kwao, wakakumbatia jamaa zao. Wasafiri zaidi ya 600 walikutwa na ugonjwa, na vifo 28 vilihesabiwa kuwa vimetokana na merikebu hiyo. Mlango ulifunguliwa, lakini hatuwezi kuuita ule upendo.

Na wanaosema ‘Funga, usihurumie’ tunawaonyesha merikebu ya tatu, Westerdam. Hii iliondoka Hong Kong tarehe 1 mwezi wa pili ikiwa na watu 2,257. Japani ikaikataa. Taiwan ikaikataa. Wafilipino wakaikataa, na Guam, na Thailand. Ilizunguka baharini kama mtu anayebisha hodi usiku katika kijiji ambamo kila nyumba imezima taa. Mwishowe, tarehe 13, Kambodia iliipokea katika bandari ya Sihanoukville. Nchi ile si tajiri kama wengi wa wale waliokataa. Na baada ya kupima na kupima tena, hakuna mtu wa merikebu ile aliyehakikishwa kuwa na ugonjwa. Milango mitano ilifungwa juu ya watu ambao hakuna aliyekuwa amewatazama.

Basi Sydney walifungua bila kutazama, na bandari tano zilifunga bila kutazama. Kosa ni moja. Kufunga kwenyewe si dhambi, na mara nyingine ni lazima. Lakini aliyefunga amechukua deni: sharti arudi kutazama, alishe, aponye, na siku ikifika afungue.

3. NI NANI ALIYEBEBA SINIA?

Turudi sasa Yokohama. Wasafiri walikaa vyumbani. Wenye vyumba visivyo na dirisha walitolewa nje kwa zamu kuvuta hewa. Ilikuwa mateso, hatusemi kwamba haikuwa. Lakini watu 2,666 hula mara tatu kila siku. Chakula hakijipiki, sahani haziji zenyewe, wala shuka hazijifui.

Kazi hiyo ilifanywa na wale 1,045. Wafilipino kati yao walikuwa zaidi ya 500, na Wahindi zaidi ya 100; watu walioacha wake, waume na watoto ili watafute mshahara wa kutuma nyumbani. Wakati amri ilipotoka kwamba kila msafiri akae chumbani, wao walisikia amri nyingine: endeleeni. Walipika, wakapanga masinia, wakapita mlango kwa mlango wakibisha. Usiku walishuka chini kulala, watu wawili au zaidi katika chumba kimoja. Walikula pamoja katika chumba chao cha kulia. Yale yote ambayo msafiri alikatazwa kwa ajili ya usalama wake, mfanyakazi aliamriwa kuyafanya kwa ajili ya usalama wa msafiri.

Matunda yake yalionekana upesi. Kufika tarehe 9 mwezi wa pili, wafanyakazi 20 wenye homa au dalili nyingine walikuwa wamekutwa na virusi. Kati ya hao 20, watu 15 walikuwa wa kazi ya chakula, na 16 walilala katika ghorofa moja, ile ya tatu, ambamo watu wa chakula walikuwa na vyumba vyao. Wahindi kadhaa walijipiga picha za video wakiiomba serikali yao iwaokoe. Wasafiri walipoanza kushuka tarehe 19, wakiwa wamemaliza siku zao 14, wafanyakazi wengi walikuwa hawajaanza kuhesabu siku zao.

Tuseme pia yaliyo haki kwa upande wa pili. Ugonjwa ulikuwa mpya. Wakubwa wa afya wa Japani walieleza ya kuwa hawakuwa na mahali pa kuwatenga watu wote kila mmoja peke yake, na ya kuwa merikebu haiwezi kukaa bila wafanyakazi wake. Waganga wa Japani walipanda wakijua hatari, na wengine katika wale waliotumwa kule waliambukizwa. Na kapiteni, Mwitaliano Gennaro Arma, hakukimbia. Tarehe 1 mwezi wa tatu alishuka yeye mwisho, baada ya wote. Mtu huyu alijua maana ya kuwa mkubwa.

Lakini swali letu linabaki. Yokohama ni mji wa watu zaidi ya milioni 3. Je, mji wa milioni 3 haukuweza kupikia watu 3,711 kwa siku 14? Kadiri wagonjwa walivyopelekwa hospitali na vyumba vikaachwa wazi, je, hapakuwa na kitanda cha kumtenga mpishi na mwenzake mwenye kikohozi? Hatuulizi hivyo ili kuwahukumu Wajapani. Tunauliza kwa sababu jibu lililotolewa, kwamba ni lazima watu fulani waendelee, ndilo jibu ambalo hata sisi hulitoa nyumbani kwetu. Na kila mara wale watu fulani huwa ni walewale.

4. ‘LAKINI WALILIPWA’

Tunasikia mtu akisema: Wale ni wafanyakazi, walilipwa, waliijua kazi yao.

Tunajibu: mshahara hununua kazi ya mtu, haununui pumzi yake. Aliyekubali kubeba sahani alikubali uchovu, usiku mfupi na kuwa mbali na watoto. Hakuna aliyemwuliza kama anakubali kubeba sahani kati ya vyumba vya wagonjwa. Na hata kama angeulizwa, yule ambaye familia nzima inakula kwa mkono wake hana nafasi kubwa ya kusema hapana. Wazee walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tunaongeza kwamba aliye ndani ya chumba hamjui aliye katika njia ya nje ya chumba, ijapokuwa mlango ni mmoja.

Mwingine anasema: Tazameni hesabu. Wasafiri 567 katika 2,666 waliugua, na wafanyakazi 145 tu katika 1,045. Kwa hiyo wafanyakazi hawakuonewa.

Hesabu ni kweli, na inafaa kuijibu. Wasafiri wengi waliambukizwa kabla ya mlango kufungwa, wakati walipokuwa wakila na kucheza pamoja, na uzee wao ndio uliowaua wengi. Hapo hatumlaumu mtu, kwa maana hakuna aliyejua. Lakini toka tarehe 5 watu walikwisha kujua. Dawa ilikuwa imejulikana: kukaa mbali mtu na mwenzake. Dawa hiyo waligawiwa wengine, wengine wakanyimwa, na waliogawa walikuwa wanajua wanalofanya. Haki haipimwi kwa idadi ya wagonjwa peke yake. Hupimwa pia kwa kuuliza ni nani aliyefunikwa na ni nani aliyeachwa wazi, siku ambayo blanketi ilikuwa mikononi mwetu.

5. SISI WA CONGO TUNALIJUA JAMBO HILI

Msomaji asidhani ya kuwa haya ni ya watu wa mbali wenye franga za kutembea baharini. Tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, na ikafika Ituri. Ilipotangazwa kuwa imekwisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa, na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa. Beni, Mangina, Butembo, Katwa, Mabalako: majina haya yanaumiza bado.

Mwanzoni watu wengi waliogopa vituo vya matibabu kuliko ugonjwa wenyewe. Mama aliingizwa nyuma ya uzio, jamaa wakabaki nje, na baadaye waliitwa kwenye mazishi yaliyofanywa na watu waliovaa nguo za kufunika mwili wote. Watu walisema, anayeingia hatoki. Je, tuwaite wajinga? Hapana. Waliona mlango ukifungwa, wasione aliyerudi kutazama.

Kisha mambo kadhaa yalibadilika. Katika Beni waganga walileta vyumba vya plastiki vinavyopitisha macho kama kioo. Mgonjwa alilala ndani, mtoto wake akasimama nje, wakaonana uso kwa uso na kusemezana. Ugonjwa haukupita, lakini macho yalipita. Mganga naye aliweza kuhudumia mambo mengi akiwa nje, kwa kutia mikono katika mikono ya plastiki iliyoshonwa ukutani. Hivyo hata yule anayeleta dawa na chakula alilindwa.

Tena, watu waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa imepata nguvu ya kuushinda ugonjwa ule, waliitwa kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Waliweza kumbeba mtoto kifuani wakati wengine waliogopa kumgusa. Na chanjo ilipoletwa, wauguzi na wale waliokuwa wamekaribia wagonjwa walikuwa kati ya wa kwanza kuchanjwa. Hapo tunaona namna ya kujibu swali la sinia: mtu hakutupwa tu katika hatari kwa sababu ni mnyonge. Walitafutwa wale wanaoweza kuibeba hatari, na wale wanaoibeba walipewa kinga kabla ya wengine.

Hatusemi ya kuwa kwetu kila kitu kilikwenda vizuri. Wauguzi wengi walikufa, na wengine walishambuliwa. Lakini hakuna mtu atakayetuambia ya kuwa kufunga mlango kwa heshima hakuwezekani. Kuliwezekana Beni, katikati ya vita.

6. DENI LINALOBAKI BAADA YA MLANGO KUFUNGULIWA

Wengi hudhani ya kuwa siku ya kutoka ndiyo mwisho. Katika Japani, waganga waliotumwa kusaidia kwenye merikebu walirudi kazini kwao wakaitwa vijidudu. Watoto wao wengine walikataliwa shuleni. Shirika la waganga wa maafa la nchi ile lililazimika kulalamika hadharani mwezi uleule wa pili. Watu waliokwenda kuokoa walirudi wakawa wachafu machoni pa wale waliobaki nyumbani.

Mabaharia nao waliteseka kwa muda mrefu. Katika mwaka 2020 nchi nyingi zilifunga bandari zao kwa wafanyakazi wa merikebu, huku zikiendelea kupokea mizigo. Mwishoni mwa mwaka huo mabaharia karibu 400,000 walikuwa wamezuiliwa ndani ya merikebu, siku za mkataba wao zikiwa zimepita, bila njia ya kwenda nyumbani. Ngano iliruhusiwa kushuka, aliyeileta hakuruhusiwa.

Na kwetu? Waliopona Ebola walirudi kijijini wakakuta jirani hataki kununua nyanya zao. Wengine walikosa hata mtu wa kupokea mkono wao katika salamu.

Hapa tunamkumbuka Miriamu, dada ya Musa. Katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 12, alitengwa nje ya kambi siku saba kwa sababu ya ukoma. Lakini taifa lote halikuondoka mpaka aliporudishwa. Walikuwa na safari, walikuwa na jangwa mbele yao, na watoto na mifugo. Wakangoja. Kutengwa kwake kuligharimu kambi nzima siku saba. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumtenga mtu na kumtupa: wanaobaki ndani ya kambi nao hulipa sehemu yao.

7. KATIKA NYUMBA ZETU

Ndugu wapendwa, ugonjwa mwingine utakuja. Hatutabiri, tunasema tu yale ambayo kila mtu wa nchi hii ameyaona: kipindupindu, surua, Ebola, Korona. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa nane mwaka 2020 hata nyumba za ibada zilifungwa katika Congo yetu. Tulionja kidogo maana ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo tuwe tayari kwa mambo haya.

Kwanza, tusione haya kumtenga mgonjwa wa kuambukiza, wala tusimfiche ili majirani wasijue. Kumficha si upendo. Tumpeleke kwa waganga mapema.

Pili, siku tunapomtenga mtu, tupange siku hiyohiyo ni nani atakayerudi kumtazama. Asimame mlangoni, amwite kwa jina, amsemeshe, hata akiwa mbali hatua kumi.

Tatu, na hili ndilo tunalolitilia mkazo: tuulize ni nani anayebeba sahani. Katika nyumba nyingi ni mama. Kama si mama, ni binti wa miaka 12, au boyi wa kazi, au yule mtoto wa marehemu ndugu tunayemlea. Baba anakaa kwenye kiti chake nje, akisema ya kuwa nyumba imejilinda vizuri. Hapana, baba. Nyumba imemlinda baba. Yule binti ananawa kwa sabuni gani? Analala na nani? Ni nani anayemshika mkono usiku kama amepata homa? Kazi hiyo igawanywe, mwenye nguvu aianze, na anayeifanya apewe sabuni, maji na pumziko kabla ya mtu mwingine yeyote katika nyumba.

Nne, anayetoka katika kutengwa, akiwa mgonjwa aliyepona au muuguzi aliyemhudumia, apokelewe mbele ya watu wote. Tununue nyanya zake. Tuketi naye benchi moja.

Tunawaomba wazee na mama wa kila mtaa wasome ukurasa huu pamoja na vijana, kisha kila nyumba iseme wazi jina la mtu wa kwanza atakayebeba sahani ya bugali siku ugonjwa utakapoingia, na jina la yule atakayempokea kazi siku ya pili. Kama jina linalotajwa ni la mdogo kuliko wote, anzeni upya.

Amani ya Bwana ikae nanyi.